Nyumba Haisimami kwa Mhuri

Kila anayepanda daladala kwenda pembezoni mwa Dar es Salaam ameyaona maneno haya: SIMAMISHA UJENZI. Huandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa tofali ambao bado haujapigwa plasta, na mara nyingi huongezwa tarehe na neno KIBALI. Ukipita tena baada ya miaka miwili utakuta nyumba imepauliwa, dirishani kuna pazia, uani kuna kamba ya nguo, na yale maneno bado yapo kwa sababu mwenye nyumba hajapata hela ya plasta. Ujenzi haukusimama. Mwenye nyumba alikwenda kuonana na mtu, wakaongea vizuri, wakaachana kwa amani.

Hoja yangu ni fupi, na naitaja mapema ili tujue tunabishania nini. Kibali cha ujenzi kina maana pale kinapojibu swali moja: je, nyumba hii itakuwa salama kwa watakaolala ndani yake na kwa majirani zao? Kwa Dar es Salaam ninayoijua, swali hilo limesogezwa pembeni. Linaloulizwa kwanza ni kama una karatasi ya ardhi, karatasi ambayo serikali peke yake ndiyo inayoweza kuitoa, na ambayo wakazi wengi wa jiji hili hawajawahi kupewa. Kwa hiyo walio wengi wanajenga nje ya sheria, na hakuna mtaalamu anayefika kutazama nondo zao. Adhabu ya sheria inawahusu. Ulinzi wake hauwafikii.

Nina sababu ya kuyasema haya. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2014 alinunua kiwanja cha mita 20 kwa 25 kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akilima mihogo hapo kwa miaka mingi. Mauziano yaliandikwa kwenye karatasi ya mistari, mbele ya mashahidi wanne, mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye alipiga mhuri na kuchukua asilimia yake kama ilivyo desturi. Baada ya hapo mama akawa ananunua tofali kila mwisho wa mwezi, mwezi huu 100, mwezi ujao 60, mwezi wa ada za wadogo zangu hakuna kitu. Zilipofika 2,000 aliniita akaniambia, "Mwanangu, safari hii nataka nifanye kwa utaratibu. Sitaki kuishi kwenye nyumba yangu kama mwizi." Nilikuwa nimeanza shahada ya uzamili, asubuhi zangu nyingi zilikuwa wazi, basi kazi ya kufuatilia kibali ikawa yangu.

Nilianza kwa mwenyekiti, nikapata barua. Nikaenda kata, barua ikapigwa mhuri mwingine. Nikafika kwenye dirisha la moja ya halmashauri tano za jiji hili. Kijana aliyekuwa upande wa pili alinipokea vizuri, sina ugomvi naye.

"Hati ipo, mdogo wangu?"

"Hati haipo, kaka. Yapo mauziano."

"Kiwanja kimepimwa?"

Hakijapimwa. Basi tuanze na upimaji. Upimaji unataka mchoro wa mipango miji wa eneo lote, na eneo letu halina mchoro. Mchoro utapatikana kwa njia ya urasimishaji, ambapo wananchi wanachanga na kampuni binafsi inapima. Hilo nalo tulikuwa tumelifanya. Miaka kadhaa nyuma kila kaya ilitoa shilingi 150,000, wakaja vijana na vyombo vyao kwa siku tatu, wakachomeka bikoni chache upande wa barabarani, wakaondoka. Ofisi yao leo ni saluni. Mambo ya namna hii si ya mtaa wetu tu. Hata mawaziri wa ardhi wamewahi kulalamika hadharani juu ya kampuni zilizochukua michango ya watu na kazi haikuisha.

Nikauliza: tukisubiri urasimishaji, angalau tunaweza kuandaa michoro ya nyumba? Mbunifu aliyesajiliwa alitaja 800,000, na hiyo, alisema, ni bei ya mwalimu. Mama alipiga hesabu papo hapo kwa mifuko ya saruji. Zaidi ya mifuko 45. Kwa nyumba ya vyumba vitatu ambayo fundi wake ameshajenga mfano wake mara ishirini, alikuwa anatakiwa kuzika mifuko 45 kwenye karatasi kabla ya kuchimba msingi.

Nilirudi dirishani mara nne. Mara ya nne yule kijana aliinama kidogo, akashusha sauti, akanipa ushauri ambao naamini aliutoa kwa nia njema kabisa: "Mdogo wangu, jengeni tu. Wakija kuwasimamisha, njooni tuongee."

Nimeitafakari sana sentensi ile, maana ndani yake kuna sera nzima ya makazi ya jiji hili kwa maneno machache. Jengeni, kwa sababu hatuna kiwanja kilichopimwa cha kuwapa. Wakija, kwa sababu rangi nyekundu ipo na itakuja. Tuongee, kwa sababu mtu asiye na karatasi siku zote ana kitu cha kuongea. Mama alijenga. Vyumba viwili vimepauliwa, analala humo, cha tatu kimefika kwenye linta. Hakuna aliyewahi kuja kuuliza msingi una kina gani.

Kuna watakaosema hii ni bahati mbaya ya familia moja. Tuangalie hesabu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi, sawa na watu laki moja kila mwaka. Ukikadiria kaya moja kuwa na watu wanne, ni kaya 25,000 mpya kila mwaka zinazohitaji mahali pa kulala. Sasa kumbuka mradi mkubwa wa kupima viwanja ambao wazee wetu bado wanausimulia, ule wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, uliotoa viwanja Bunju, Kibada, Buyuni na kwingineko. Ulikuwa mradi mzuri. Lakini kwa kasi hii ya watu, viwanja 20,000 visingetosheleza hata mwaka mmoja.

Ndiyo maana zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wa Dar es Salaam wanatajwa kuishi kwenye makazi yasiyopangwa. Theluthi mbili! Sheria ikivunjwa na mtu mmoja kati ya kumi, mtafute huyo mmoja. Sheria ikivunjwa na walimu, manesi, askari, madereva, wachungaji, mashehe na makarani wa halmashauri ile ile inayotoa kibali, basi itazame sheria yenyewe. Na huko mitaani si wote waliovamia. Wengi walinunua kwa mashahidi na mhuri wa serikali ya mtaa, yaani mhuri wa chombo cha serikali. Serikali ya mtaa inatambua mauziano, halmashauri haiyatambui, na zote mbili zinapeperusha bendera moja.

Tatizo hili halikuanza jana. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliigawa Dar es Salaam katika kanda za ujenzi. Ukizisoma kanuni zao utaona zinazungumza zaidi juu ya aina ya jengo kuliko rangi ya mtu: kanda hii majengo ya mtindo wa Kizungu, ile ya biashara na makazi ya mchanganyiko, ya tatu nyumba za wenyeji. Kila mtu alijua maana yake. Ikawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati ili pumzi zisikutane. Kiwango cha ujenzi kilifanya kazi ya uzio. Aliyeweza kujenga kama Mzungu alikuwa ndani ya sheria ya mji, na aliyejenga kwa fito na udongo aliachwa ajitegemee hadi siku ardhi yake itakapohitajika.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi. Tabia ya kutumia kiwango kama uzio haikuondoka. Mwenye hati, michoro na mhuri wa mbunifu anapata sheria yote: barabara, mfereji, mahali pa kulalamika. Asiyenavyo anaachwa, kisha siku moja anabomolewa.

Lakini nchi hii iliwahi kufanya vingine, na ni vibaya kusahau. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikapitisha huduma za msingi, na watu wakajenga wenyewe kwa kasi ya mifuko yao. Wakati huohuo Manzese, badala ya kufagiwa, iliboreshwa watu wakiwa ndani yake. Leo ukimwambia mtu wa Sinza kwamba mtaa wake ulikuwa mradi wa wenye kipato cha chini atakucheka, akakutajia bei ya kiwanja. Serikali ilitangulia, wananchi wakafuata. Sasa wananchi wametangulia, na serikali inafuata na ndoo ya rangi.

Nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mgogoro. Masharti yetu ya ardhi na ujenzi yameandikwa kwa ajili ya mtu anayejenga kwa mkupuo. Sharti linalojulikana kwenye viwanja vilivyopimwa ni kukamilisha ujenzi ndani ya miezi 36. Nani kati yetu ana mzazi aliyemaliza nyumba kwa miezi 36? Hapa nyumba hujengwa kama mtoto anavyolelewa. Mwaka wa msingi, mwaka wa boma, miaka ya kulitazama boma likiota majani, mwaka wa kupaua kwa mkopo wa Saccos, kisha unahamia bila dari, bila vigae, choo kikiwa nje, na ujenzi unaendelea ukiwa ndani. Mikopo ya nyumba ya benki, ile ya kulipa kwa miaka 15 au 20, nchi nzima inahesabika kwa maelfu machache. Wengine wote benki yao ni rundo la tofali. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kanuni zinasema kibaba kijae ndani ya miaka mitatu.

Hata waliokuja kutupima kutoka nje hawakuiona nyumba hii. Kwa miaka mingi Benki ya Dunia ilikuwa ikitoa ripoti ya Doing Business, iliyopanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara, na kipengele kimojawapo kilikuwa vibali vya ujenzi. Jengo lililotumika kama kipimo lilikuwa ghala. Serikali nyingi zilikimbizana kurahisisha kibali cha ghala ili zipande nafasi mbili tatu, mpaka ripoti yenyewe ilipofutwa mwaka 2021. Nyumba ya mwalimu haikuwahi kuwa kwenye mtihani, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuisomea.

Najua jibu linalokuja. Majengo yanaanguka. Watu wanakufa. Je, unataka kila mtu ajijengee anavyotaka?

Hapana, na hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu mimi pia nataka nyumba zisianguke. Tazama zilipoanguka. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, likaua watu zaidi ya 30. Iliripotiwa wakati ule kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizopandishwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, watu wakiwa madukani, likaua zaidi ya 20. Taarifa za siku zile zilitaja kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo huku biashara ikiendelea juu.

Kariakoo si makazi holela. Ilichorwa kwa mitaa iliyonyooka tangu ukoloni, ina viwanja vyenye namba, ina hati, na ofisi za serikali haziko mbali. Indira Gandhi ndiyo kabisa, ni moyo wa mji. Katika sehemu hizo karatasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni jicho la mtaalamu kurudi tena na tena kuhesabu ghorofa, kupima zege, kuuliza kwa nini kuna kifusi kinatoka chini ya duka. Majirani zetu wa Nairobi wanalo fundisho lao: jengo la Huruma lililoanguka tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu takribani 50 lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwepo, na wapangaji walikuwa wakiendelea kulipa kodi. Rangi haishiki nguzo.

Sasa shuka kwenye nyumba ya kawaida ya chini, ile ya mama yangu na ya mama yako. Hatari zake zinajulikana kwa kila fundi mwaminifu. Ni tofali zilizofyatuliwa 50 kwa mfuko mmoja wa saruji ilhali mfuko ulipaswa kutoa thelathini na kitu. Ni mchanga wenye chumvi unaokula nondo kidogo kidogo. Ni msingi mfupi kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Ni linta iliyowekewa nondo mbili nyembamba. Ni shimo la choo lililochimbwa hatua chache kutoka kisima cha jirani. Ni waya za umeme zilizotandazwa na kijana aliyejifunzia kazini. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoonekana kwenye hati ya kiwanja. Unaweza kuwa na hati safi, yenye muhuri wa lakiri, na nyumba yako ikawa kaburi. Unaweza kuwa na karatasi ya mauziano yenye doa la chai, na nyumba yako ikakaa miaka 80.

Kwa kutanguliza hati, tumewafukuza watu dirishani kabla hatujafika kwenye saruji. Mtu anayejua hatapata kibali hamwiti mhandisi, anamkimbia. Anajenga usiku, anajenga Jumapili, anajenga sikukuu, anamwaga zege haraka kabla gari la halmashauri halijapita. Zege la haraka ndilo zege baya. Kwa maneno mengine, utaratibu unaodai kulinda usalama ndio unaotuzalishia nyumba mbovu.

Jibu la pili huwa ni hili: serikali haiwezi kutambua nyumba ambayo haiko kisheria. Ajabu ni kwamba inaitambua vizuri sana siku ya kukusanya. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Utaratibu ulipoanza, nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Mita ya umeme haikuulizi hati, haikuulizi mchoro, haikuulizi kama ukuta wako una maandishi mekundu. Ukinunua umeme, kodi imekwenda. Basi kama nyumba yangu ni jengo halali kwa ajili ya kodi, iweje iwe haramu kwa ajili ya ukaguzi? Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Humo kulikuwa na nyumba zenye umeme na maji, zilizokaliwa miaka na miaka. Hakuna aliyekosa kuziona zilipokuwa zinajengwa. Ziko barabarani.

Serikali ilishajaribu njia ya katikati. Sheria ya Ardhi ya 1999 iliruhusu leseni ya makazi, na katikati ya miaka ya 2000 leseni hizo zilianza kugawiwa Dar es Salaam. Zilikuwa za muda mfupi, mwanzo miaka 2, baadaye 5, na wengi waliona hakuna haja ya kuzifuatilia zilipoisha, kwa sababu hazikuwafungulia mlango wowote wa maana. Karatasi nyingine tu kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Lakini wazo lilikuwa sahihi: mtu anaweza kutambuliwa hapo alipo bila kusubiri jiji zima lipimwe.

Wapo pia wanaosema kulegeza masharti ni kuruhusu watu wajenge mabondeni. Hoja hii naiheshimu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu Bonde la Msimbazi, wengine wakahamishiwa Mabwepande, na bado kila masika tunarudi kwenye habari ileile. Lakini mtu anayenunua kiwanja bondeni ananunua kiangazi, kwa mhuri wa serikali ya mtaa, na hakuna ramani mahali popote pa kumwonyesha kwamba pale ni njia ya maji. Mwenye mhuri anajua. Dalali anajua. Mzee wa mtaa anajua. Mnunuzi aliyetoka Singida na pesa ya kiinua mgongo ndiye pekee asiyejua, na ndiye atakayebomolewa.

Nisiishie kulalamika. Yafuatayo hayahitaji msaada wa wafadhili wala safari ya mafunzo nje ya nchi.

Kwanza, usalama utenganishwe na umiliki. Kwa nyumba ya chini ya kuishi familia, mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa yatoshe kuombea kibali. Kibali kiandikwe wazi kwamba hakimpi mtu umiliki na hakimwondolei mwingine haki ya kwenda barazani kudai kiwanja chake. Mgogoro wa ardhi una mabaraza yake. Mhandisi aachiwe saruji.

Pili, kila ofisi ya kata iwe na ramani chache za nyumba za mfano, zilizokwisha kupitishwa, za bure. Vyumba viwili, vyumba vitatu, nyumba ya kupanua baadaye, ile yenye ukumbi katikati na uani nyuma ambayo watu wa pwani wameijenga kwa vizazi. Ziandikwe kwa Kiswahili cha fundi: kina cha msingi, unene wa nondo, uwiano wa saruji na mchanga, umbali wa choo na kisima. Anayetaka nyumba ya kipekee amlipe mbunifu wake, ni haki yake. Lakini mwalimu asilazimishwe kununua upekee.

Tatu, ukaguzi ufuate ujenzi wetu jinsi ulivyo. Kibali kitolewe kwa hatua: msingi, linta, kupaua. Ukiwa tayari kwa hatua, hata kama ni baada ya miaka minne, unaita, fundi sanifu anakuja, anatazama, anasaini, unalipa ada ndogo kwa ziara hiyo. Mtaniambia wataalamu hawapo. Wapo. Nimekaa nao vibandani, wana stashahada na shahada za ujenzi, wanaendesha bodaboda na kuuza vifurushi vya intaneti huku wakisubiri ajira zitangazwe.

Nne, ramani ya maeneo yasiyojengwa ibandikwe ukutani kwa kila serikali ya mtaa: mabonde, hifadhi ya barabara, chini ya nyaya za umeme mkubwa, maeneo ya shule na zahanati. Baada ya hapo, kiongozi atakayepiga mhuri kwenye mauziano ya eneo lililopakwa rangi awajibike yeye kwanza, kabla ya mnunuzi.

Tano, ukali wote tulionao upelekwe kwenye maghorofa. Huko ndiko jengo moja linapoua watu makumi kwa dakika moja. Idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa iandikwe kwa herufi kubwa kwenye bango mbele ya jengo, ili hata muuza maji anayepita aweze kuhesabu na kupiga simu.

Nani atapinga haya? Yule anayeishi kwa ile "njooni tuongee". Kila sharti lisilotekelezeka ni duka la mtu. Ukiweka sharti ambalo watu wengi hawawezi kulitimiza, umempa mwenye ndoo ya rangi mashine ya kutolea pesa, na hataki ikarabatiwe. Sisemi kila mtumishi yuko hivyo. Yule kijana wa dirishani hakuniomba hata soda. Nasema mfumo unaomlazimu mtumishi mwema kumshauri raia avunje sheria tayari umeshaharibika, na semina ya maadili haitautengeneza.

Wengi tunaosoma hapa tumezaliwa au kulelewa kwenye nyumba hizi. Tulisomea kwa mwanga wa taa iliyoning'inia kwenye nondo ya chumba kisicho na dari, tukafaulu, tukaja vyuoni, na huko tukafundishwa kuziita makazi holela. Neno holela linamaanisha bila mpango. Mama yangu alikuwa na mpango wa miaka 10, na aliufuata mwezi kwa mwezi bila kukopa kwa mtu. Asiyekuwa na mpango ni yule aliyemwambia asubiri.

Na baadhi yetu ndio tutakaokaa upande wa pili wa dirisha. Watu wa mipango miji, sheria, uhandisi, utawala: miaka michache ijayo ni sisi tutakaoulizwa, "Hati sina, kaka, yapo mauziano." Kabla hatujafika huko, kuna jambo moja linalowezekana wiki hii. Kila mtaa una mkutano wa hadhara, na mtu yeyote mzima anayeishi pale ana haki ya kusimama na kuuliza. Simama, salimia wazee, kisha uliza ramani ya maeneo yasiyoruhusiwa kujengwa iko ukuta gani, na ni fundi sanifu gani wa kata anayeweza kuitwa kabla zege halijamwagwa. Jibu lolote utakalopewa liandikwe kwenye muhtasari.